Besi Iko Mbele: Barua ya Wazi kwa Wakodishaji wa Vyombo vya Muziki Wilayani Chemba



Nawaomba radhi kwa kuwaandikia hadharani jambo ambalo lingeweza kusemwa faraghani, juu ya kikombe cha kahawa, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Kondoa. Lakini kwa kuwa nyinyi ni wengi, na mmetawanyika tangu Mrijo na Goima hata Farkwa na Kwa Mtoro, na kwa kuwa jambo lenyewe halimhusu mmoja wenu peke yake, nimeona kwamba barua moja isomwayo na wote ina insafu kuliko minong'ono kumi juu ya mtu mmoja. Haja yangu kwenu ni moja. Kabla hamjanunua jozi nyingine ya spika za kusimamishwa mbele ya watu, nunueni, au chongesheni kwa seremala, boksi moja la besi la kuwekwa jukwaani, nyuma ya mpigaji, karibu na miguu yake.

Mimi ni mpiga besi wa zamani. Nasema wa zamani kwa sababu vidole vimeanza kukaidi, na kwa sababu kwa miaka mingi sasa riziki yangu naitafuta katika ufuta na alizeti, wala siitafuti tena katika nyaya nne. Hata hivyo bendi au kwaya ikipungukiwa na mtu hutumwa mtoto kuja kuniita, nami, kwa udhaifu ambao mke wangu anaujua vizuri kuliko mimi mwenyewe, huliacha jembe nikaenda. Ndivyo ilivyokuwa katika harusi moja ya msimu uliopita wa mavuno. Nilifika swala ya isha imekwisha kuswaliwa, nikakuta vyombo vya fahari ambavyo katika ujana wangu hata wapigaji wa Dar es Salaam wangevionea gere: minara minne ya spika, taa za kugeuka rangi, mikisa yenye vitufe vingi kama punje za mtama katika suke, na jenereta iliyofichwa nyuma ya mbuyu isije ikawakera wageni. Nikatazama huku na huku nikitafuta boksi la besi, nisilione. Kijana aliyekuwa akisimamia mitambo, mwenye adabu zake, akanikabidhi ncha ya waya mrefu ulioingia moja kwa moja katika mikisa, akasema, "Chomeka hapa mzee, kila kitu kinatokea mbele." Nikachomeka, nikapiga, nikaziona nyaya zikitetemeka chini ya vidole vyangu, na sikusikia neno.

Nilimtazama mpiga dramu, naye akanitazama, kila mmoja wetu akimngojea mwenziwe amwonyeshe njia, kama wasafiri wawili waliokutana njia panda usiku na kila mmoja akamdhani mwenziwe ndiye mwenyeji. Kijana alipoitwa na kuambiwa kwamba sijisikii, alishuka, akatembea hatua kama thelathini hadi mbele ya minara, akatega sikio, akarudi akitabasamu. "Besi ipo mzee," akasema. "Iko mbele."

Nimelitafakari jibu lile kwa miezi, nikaona kwamba kijana hakusema uongo, na kwamba maradhi yote ninayotaka kuyaeleza yamo katika maneno yale mawili ya mwisho. Besi ilikuwa mbele, naam, nami nilikuwa nyuma. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde, ambayo maana yake ni kwamba kila mita moja ya mwendo huila takriban sehemu 3 katika 1,000 za sekunde. Na kwa kuwa minara ile ilisimama kama mita kumi mbele yangu, ikinipa kisogo, hata kile kidogo kilichonirudia kilinirudia kimechelewa sehemu 30 katika 1,000, kimepoteza makali yake yote, kimebaki mngurumo. Kwa mgeni anayekula pilau hiyo si kitu. Kwa mtu ambaye kidole chake sharti kitue sawia na mguu wa mpiga dramu, ni tofauti ya kucheza na kujikwaa. Usiku ule, tulipokuwa tukirudi nyumbani, mjukuu wangu, ambaye hajajifunza bado kuficha aonayo, aliniambia, "Babu, leo gitaa lako lilikuwa linanguruma tu." Mwenye vyombo vile simtaji wala sitamtaja, kwani hakufanya ila lile ambalo wengi wenu mnalifanya, na mnalifanya kwa nia njema.

Pengine mtauliza kwa nini malalamiko haya nimewaletea nyinyi, nisiwaletee wapigaji wenyewe, ambao ndio wenye haja ya kusikia. Jibu limo katika tarihi ya muziki wetu wa dansi. Tangu magitaa ya umeme yalipoenea katika bendi za nchi hii, miaka ya 1960, vyombo havikuwa, ila kwa nadra, mali ya wapigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao. Na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ilihamia mwaka 1983 mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki aliajiriwa akakabidhiwa gitaa kama karani akabidhiwavyo meza, na siku alipoondoka aliondoka na vidole vyake tu. Kwa hiyo mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na kauli juu ya sauti ya bendi: akinunua amplifaya njema, nchi nzima ilisikia wema wake redioni, akinunua mbovu, mpigaji alilaumiwa. Mashirika yale mengi yamekwisha kuondoka katika kazi hiyo, na hapa kwetu, katika wilaya hii changa iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, kauli ile imewaangukia nyinyi. Kwaya ya kigango, kikundi cha vijana wa taarabu ya harusini, bendi iliyoitwa kutoka Dodoma mjini kuja kupiga usiku wa mkesha wa Mwenge, wote hao hupanda jukwaani na kukuta sauti yao imekwisha kuamuliwa na mtu aliyepakia gari asubuhi. Mtu huyo ni nyinyi.

Sasa niruhusuni nieleze boksi ni nini, kwa maana nimegundua kwamba hata baadhi ya wanaoyauza huyadhani kuwa ni kabati la kuhifadhia spika lisiingie vumbi. Majirani zetu Wagogo hawakuhitaji kuambiwa haya na mtu. Zeze lisilo na kibuyu ni kijiti chenye uzi; ukiupitisha upinde juu yake utasikia mkwaruzo wa nyenje, na ukilitia kibuyu chake linakuwa sauti ya mtu. Ilimba kadhalika: vile vyuma vyake havina neno mpaka vikazwe juu ya sanduku la mti lililochimbwa kwa kipimo, lenye matundu yaliyozibwa kwa utando mwembamba wa buibui ili sauti ipate ule uzizimaji wake. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuupeleka muziki wa Kigogo hadi Ulaya na Marekani, alipiga malimba ambayo masanduku yake yalikuwa makubwa kiasi cha kumfanya mgeni adhani ni viti. Na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia ayaache masanduku nyumbani, achukue vyuma tu, kwa kuwa sauti itatokea mbele.

Spika ya umeme iko chini ya kanuni hiyo hiyo, pamoja na nyingine moja. Kile chano chake cha karatasi kinaposukuma hewa upande wa mbele, wakati ule ule huivuta upande wa nyuma, na katika sauti nene mawimbi hayo mawili, kama yameachwa huru, huzungukana na kufutana, hata ukaona chano kinacheza kwa nguvu na sikio halipati kitu. Boksi ndilo liyatenganishalo. Likiwa limezibwa pande zote, hewa iliyofungiwa ndani huwa kama godoro linalokirudisha chano mahali pake upesi. Likiwa na tundu lililopimwa, wimbi la nyuma hugeuzwa na kutolewa nje likisaidiana na la mbele, ukapata unene zaidi kwa wati zile zile, ila kwa sauti zilizo chini ya kipimo cha tundu chano hukosa wa kukizuia, kikapiga hewa ovyo mpaka kikararuka. Tundu, basi, si pambo. Nimeona boksi moja lililochongwa lenye matundu matatu kwa sababu mwenyewe alipenda uso wake ufanane na uso wa bundi.

Leo Fender wa Marekani alipotoa gitaa lake la besi la Precision mwaka 1951, haukupita hata mwaka mmoja na nusu kabla hajatoa, mwaka 1952, amplifaya ya kuandamana nalo, Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Kwani alijua kwamba gitaa lile bila boksi lake ni nusu ya chombo. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg, kwa ajili ya viwanja ambavyo muziki wa roki ulikuwa umevijaza watu, ikatoa SVT yake ya wati 300, na boksi lililozibwa lenye spika 8 za inchi 10 kila moja. Msomaji mwenye kudadisi atashangaa: kwa nini spika ndogo nane, na si kubwa mbili? Nami nikimjibu nitakuwa nimeingia katika kiini cha maneno yangu, kwa hiyo anivumilie.

Siku hizi, Mabwana, ukitaja besi mbele ya mkodishaji, jibu lake ni sabufa ya inchi 18. Sabufa ni chombo kizuri kwa kazi yake. Santuri za vijana, zenye pigo moja zito linalorudi mahali pale pale kama mchi kinuni, zinaihitaji, wala sina ugomvi nazo. Lakini besi ya dansi yetu, tuliyoirithi kwa sehemu kutoka kwa ndugu zetu wa Kongo na kwa sehemu tukaitunga wenyewe, haikai mahali. Sikilizeni sahani za Mlimani Park za miaka ya 1980, mumsikilize mpiga besi wao Suleiman Mwanyiro: besi inauliza, inanyamaza, inaruka juu kwenye waya mwembamba, inaanguka tena, na zile nafasi tupu anazoziacha zina thamani sawa na noti anazozipiga. Muziki wa namna hii ukipitishwa katika sabufa peke yake, nafasi zote hujazwa na mvumo wa noti iliyotangulia, na kauli yenye vituo inakuwa kauli ya mlevi. Spika za inchi 10 ni nyepesi, huanza upesi na kusimama upesi. Nane kwa pamoja zina eneo la kutosha kusukuma hewa ya uwanja, na nne zatosha kwa harusi zetu. Inchi 15 moja, iliyo nzuri, nayo ina utamu wake, wa kizee zaidi. Mimi huipenda, lakini sitamlazimisha mtu kupenda uzee.

Kuna hoja nitakayorudishiwa hapa, kwamba waya wa nne wa besi, ule mnene kuliko wote, ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na kwamba spika ya inchi 10 haiwezi kuifikisha sauti hiyo. Kweli haiifikishi kwa ukamilifu. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 8 na ushei, kama urefu wa lori, na si spika nyingi duniani zinazolizaa vizuri. Ila noti ya gitaa haiji peke yake. Huja imefuatwa na watoto wake, wa 82, wa 123 na kuendelea, na sikio la mwanadamu, kwa hikima aliyoitia Muumba, likiwasikia watoto wakisema kwa ufasaha humkamilisha mzazi lenyewe, likaapa kwamba limemsikia. Ndiyo maana besi hutambulika hata katika redio ndogo ya mkulima shambani. Tafuteni ufasaha katika wale watoto, na mzazi atakuja.

Sasa neno juu ya wati, ambalo nitalikawiza kidogo kwa kuwa ndilo linalowatoa fedha mifukoni. Soko limejaa maboksi ya plastiki yaliyoandikwa ubavuni wati elfu kadhaa, kwa herufi za dhahabu, na mtu hununua herufi. Hesabu yenyewe haiko hivyo. Anayezidisha wati mara mbili, kutoka 300 hadi 600, hapati sauti mara mbili. Hupata nyongeza ya desibeli 3 tu, ambayo sikio huitambua kama mtu aliyesogea hatua chache. Na ili msikilizaji wa kawaida aseme kwa hakika kwamba sauti sasa imekuwa mara mbili, yahitajika nyongeza ya desibeli zipatazo 10, yaani wati mara kumi. Kinachosahauliwa ni wepesi wa spika yenyewe kuugeuza umeme kuwa sauti, ambao watengenezaji waaminifu huuandika kwa desibeli kwa wati moja, umbali wa mita moja. Boksi la desibeli 97 likipewa wati 100 litatoa sauti sawa na boksi la desibeli 91 lililopewa wati 400. Mwenye boksi la kwanza ataendesha harusi kwa jenereta ndogo na petroli kidogo. Mwenye la pili atalaumu petroli kwa kuwa ghali. Nawasihi mkienda Kariakoo au Dodoma mjini muulizie namba hiyo kabla ya kuulizia wati, na muuzaji asiyeijua mumshukuru kwa muda wake.

Aidha kumbukeni kwamba sisi hupiga nje. Katika ukumbi kuta na dari huirudisha sauti, lakini katika uwanja wa kijiji, chini ya nyota, boksi lililo peke yake hupoteza kiasi cha desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili, na kilichokwenda hakirudi. Kwa hiyo siwaambii kwamba boksi moja la jukwaani litatosha umati wa mkesha. Umati mkubwa unastahili minara yenu. Chukueni sauti ya besi kwa kiboksi kidogo cha kuunganishia, kabla haijafika kwenye boksi, muipeleke katika mikisa na mbele kwa watu, kiasi mpendacho. Ninachokikataa ni minara kuwa ndiyo pekee. Mpigaji ajisikie nyuma ya magoti yake, mpiga dramu asikie upande wake, mwimbaji ajue ardhi iko wapi, kisha mkisha kufanya hivyo ipelekeni besi hata Singida mkitaka.

Juu ya mahali pa kuliweka, nina siri moja ambayo ilinigharimu miaka kuijua. Boksi la besi likae chini, juu ya ardhi yenyewe au juu ya jukwaa imara, lisipandishwe juu ya meza kama mgeni rasmi, kwani ardhi ni mshirika wake, huizuia sauti isizame chini na kuirudisha upande wa watu. Ukuta nao ni mshirika, ila ni mshirika mwenye hila. Ukiliegemeza boksi karibu na ukuta wa shule au wa ofisi ya kijiji, unene huongezeka bure bila wati hata moja. Lakini uso wa boksi ukisimama kama mita 1 na nusu mbele ya ukuta huo, sauti ya waya wa tatu, ambayo ni mitetemo 55 kwa sekunde na wimbi la mita 6 na robo hivi, huenda nyuma, hugonga ukuta, na hurudi wakati ule hasa ambapo inakutana na dada yake anayekwenda mbele kwa kinyume, wakafutana. Noti moja hupotea, nyingine zinabaki. Nimepata kumlaumu fundi, nimepata kubadili nyaya za gitaa, nimepata hata kusoma dua, na dawa ilikuwa kulisukuma boksi nyuma hatua mbili.

Mengine ni mepesi, nayataja kwa haraka. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4, na manne huwa omu 2, na amplifaya isiyoandikwa kwamba inaweza omu 2 yaweza kuungua, taratibu au mara moja. Waya wa gitaa na waya wa spika, ingawa huvaa kichwa kimoja cha jeki, si ndugu. Wa gitaa ni mwembamba ndani, na ukiubebesha mzigo wa spika hupata moto. Jenereta inayoendesha friji ya soda isipewe besi, kwa kuwa kila pigo taa zitafumba macho. Na vumbi letu la mwezi wa Agosti, mnalijua.

Narudi kwenye gharama, maana najua nyoyo zenu ziko huko, na si vibaya. Boksi lile la Ampeg la spika nane hupita kilo 60, na mtu hawezi kudai libebwe juu ya pikapu kwenda Kwa Mtoro katika barabara ya vumbi, lishushwe na vijana wawili wenye njaa, kwa harusi ya shilingi kidogo. Lakini dunia imekwenda. Spika zenye sumaku ya neodimiamu zimepunguza uzito wa boksi la inchi 10 nne hadi mtu mmoja mwenye afya akaweza kulinyanyua, na amplifaya za siku hizi za wati mia kadhaa hubebwa katika mkoba wa shule. Zikiwa ghali, maseremala tunao. Mpeni seremala plaiwudi ya milimita 18, wala msimpe mbao za mninga kwa fahari, kwa kuwa mbao nzima hupasuka kwa jua letu na boksi likaanza kupumua ufani. Mwambieni aunganishe kwa gundi na skrubu pamoja, atie mihimili ndani ili kuta zisitetemeke, na ikiwa hana hesabu ya tundu, azibe kabisa. Boksi lililozibwa humsamehe mtengenezaji mengi. Gharama yake, ukiacha spika zenyewe, haifiki thamani ya zile taa za kugeuka rangi.

Lipo pia neno la majirani. Besi ni sauti isiyojua ukuta. Mtu aliyelala mbali huzikosa nyimbo akapata besi peke yake, na mgonjwa na mtoto mchanga hawakualikwa harusini. Tangu mwaka 2015 nchi ina kanuni za mazingira juu ya kelele na mitetemo, na siku moja mtazikumbushwa. Mimi nawakumbusha kwa upande wa muziki tu: mpigaji asiyejisikia huomba aongezwe, akiongezwa minarani bado hajisikii, huomba tena, na kufika saa sita usiku kijiji kizima kinatetemeka na mtu mmoja tu, mpigaji mwenyewe, yuko kimya. Mpeni boksi lake, naye ataomba mpunguze mbele. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara moja, kwenye sherehe ya kwaya, ambako kijana mmoja alikuja na boksi dogo la spika mbili alilochongewa na baba yake. Mafundi walicheka, na walipokwisha kucheka walishusha besi ya mikisa hadi karibu na sifuri, na watu wakacheza hadi wakatoa viatu.

Ombi langu la mwisho ni la kikaratasi. Katika orodha zenu za bei mnaandika spika, maiki, taa, jenereta, na wengine kapeti jekundu. Ongezeni mstari mmoja: boksi la besi, jukwaani. Hata kama mwezi wa kwanza hakuna atakayelichagua, kamati za harusi zitauliza ni kitu gani, nanyi mtapata fursa ya kujibu.

Kwa yeyote kati yenu anayetaka kujaribu kabla ya kutoa fedha, boksi langu la inchi 15 liko ghalani, nyuma ya magunia ya ufuta, limefunikwa turubai. Alichukue bila malipo kwa harusi moja au mbili, kwa sharti kwamba lirudi halijalowa na asikae juu yake mtu aliyenenepa. Asije Ijumaa adhuhuri. Amplifaya aje nayo mwenyewe, kwa kuwa yangu iliungua mwaka jana, kwa sababu ya kosa lile la waya ambalo hapo juu nimelieleza kana kwamba ni la watu wengine.

Wenu mtiifu,

Mpiga besi mstaafu,
Chemba.